Kutuliza wasiwasi kwa sauti kwa mtu mwenye soriasisi

Saa mbaya kwa mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba yanayowasha, ni saa ya kulala. Mchana kazi humshughulisha mtu. Usiku taa ikizimwa, mikono inakosa la kufanya na mawazo yanaanza kuhesabu: nani leo amekwepa kumpa mkono, kinyozi amesema nini, kesho kuna kikao na mashati yote ya mikono mirefu yamelowekwa. Moyo unakwenda mbio, mwili unapata joto, ngozi inawasha, mkono unashuka kwenye goti. Alfajiri shuka lina magamba na matone ya damu.

Utaratibu ulioelezwa hapa umelengwa kwenye saa hiyo. Unatumia sauti, yaani muziki wa taratibu, sauti za asili, maneno ya mtu unayemwamini na mvumo wa koo lako mwenyewe, ili kushusha wasiwasi kabla mkono haujafika kwenye ngozi. Hauhitaji mashine ya gharama. Unahitaji simu, dakika 20 na nidhamu ya wiki kadhaa.

Sauti inafanya nini, na nini haifanyi

Soriasisi ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Seli za ngozi ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kukua na kupukutika, kwenye baka la soriasisi hufanya safari hiyo kwa siku tatu hadi tano, ndiyo maana magamba hurundikana. Hauambukizi kwa kushikana mikono, kwa shuka, wala kwa kikombe. Hakuna sauti yoyote duniani inayofuta baka. Anayekuuzia faili la sauti la masafa ya hezi 432 au 528 kwa ahadi kwamba litasafisha ngozi anakula fedha yako bure.

Sauti inafanya kazi kwenye mnyororo unaolisha baka. Wasiwasi huongeza muwasho na kuchochea mlipuko wa ugonjwa. Muwasho huleta kujikuna. Na kujikuna kuna ubaya wa pekee kwa ugonjwa huu. Ngozi ya mwenye soriasisi ikichubuka, mahali palepale pa mchubuko huweza kuota baka jipya, mara nyingi ndani ya wiki mbili au tatu. Kila usiku mmoja usio na kujikuna ni mabaka ambayo hayatakuja. Pumzi ikirefuka, hasa ile ya kutoa, mapigo ya moyo hushuka na misuli hulegea. Muziki wa polepole na kuvumisha koo huivuta pumzi ifanye hivyo bila mtu kulazimisha.

Mwaka 1998 Jon Kabat-Zinn na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 37 wa soriasisi waliokuwa wakitibiwa kwa mwanga wa urujuanimno. Baadhi yao, wakiwa ndani ya kibanda cha mwanga, walisikiliza kanda yenye sauti ya kuwaongoza kutuliza mawazo. Wengine walipata mwanga peke yake. Waliosikiliza kanda ngozi zao zilisafika haraka zaidi. Utafiti ni mdogo, na jambo la kushika ni hili: wote waliendelea na matibabu. Sauti iliongezwa juu ya tiba, haikuchukua nafasi yake. Fanya hivyohivyo.

Kabla ya kuanza

Hakikisha ni soriasisi. Mitaani Dodoma tatizo lolote la ngozi linalowasha na kurudi huitwa "pumu ya ngozi", na mengine huitwa fangasi, au kwa minong'ono, ukoma. Matibabu yake hayafanani. Kwenye ngozi nyeusi, mabaka ya soriasisi mara nyingi hayaonekani mekundu kama kwenye picha za vitabu; huwa ya zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, yenye magamba meupe, zaidi kwenye viwiko, magoti, kichwani na kiunoni. Daktari wa ngozi, au daktari wa kawaida aliyezoea magonjwa ya ngozi, ndiye wa kuamua. Kama ugonjwa umezuka ghafla na kwa nguvu, pima na VVU, kwa sababu maambukizi hayo huweza kuuchochea.

Halafu kuna suala la dawa, ambalo watu wengi hawaambiwi. Propranololi, ambayo wengine huandikiwa kwa mapigo ya moyo yanayokwenda mbio au mikono inayotetemeka kwa wasiwasi, huweza kuamsha au kuzidisha soriasisi. Lithiamu pia, na klorokwini na jamii yake. Usiache dawa hizo mwenyewe, nenda kwa aliyekuandikia umwambie, "Nina soriasisi, je, kuna nyingine?" Vidonge vya prednisoloni navyo visikatishwe ghafla, maana ngozi inaweza kulipuka kwa vipele vya usaha.

Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, asianze kusikiliza peke yake gizani. Aanze na mhudumu wa afya ya akili. Kwa wakazi wa Dodoma, hospitali ya afya ya akili ya Mirembe iko karibu, na kwenda pale si aibu.

Kagua masikio

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu mwanzoni kabisa. Soriasisi hupenda nyuma ya sikio, kwenye kikunjo cha juu na mlangoni mwa tundu lenyewe. Mwombe mtu wa nyumbani amulike kwa tochi ya simu. Anatafuta magamba, nyufa, wekundu, unyevu au mkusanyiko mweupe kwenye tundu.

Ukiwa na lolote kati ya hayo, usivae spika ndogo za kuchomeka ndani ya sikio. Zinasugua ngozi ileile inayoota mabaka kwa kusuguliwa, zinafungia unyevu ndani, na zinasukuma magamba kuelekea kwenye ngoma ya sikio. Magamba yakijaa, usikivu hupungua. Mtu anaongeza sauti bila kujua kwamba anaongeza kwa sababu sikio limeziba. Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti, ufunguo wala pamba ya kijiti. Nenda kliniki wakusafishe.

Hedifoni kubwa za kufunika sikio ni nafuu kidogo, lakini zinakandamiza nyuma ya sikio na utepe wake wa juu unasugua kichwa chenye mabaka. Ukizitumia, weka kipande cha kanga laini iliyofuliwa chini ya utepe, usizidishe dakika 20, na usizivae ukiwa umepaka mafuta nyuma ya masikio kwa sababu mafuta huozesha sponji yake. Lililo bora kwa wengi ni spika. Hata ile ya simu yenyewe inatosha chumbani: ilaze ndani ya bakuli la udongo au la bati na sauti itajaa. Bakuli la udongo hutoa sauti nzito na laini. La bati hutoa mlio mkali. Jaribu yote mawili.

Kiasi cha sauti

Weka simu umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka kichwani, sauti nusu ya kipimo chake. Kipimo cha haraka: mtu akikuita kwa sauti ya kawaida kutoka mlangoni, umsikie bila kuzima. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ndiyo mwisho wa usalama kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kwa kazi hii unahitaji chini sana ya hapo, kama mazungumzo ya watu wawili kwenye kibaraza.

Faili liwe ndani ya simu au kwenye memori kadi. Usisikilize moja kwa moja kutoka intaneti: bando linakata katikati, au tangazo la kubeti linapasuka dakika ya nane na mwili wote unashtuka upya. Faili la MP3 la ubora wa kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, lina ukubwa wa takriban megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo kikao kizima cha dakika 20 hakifiki megabaiti 20. Kipakue mara moja, kisha weka simu kwenye hali ya ndegeni kila unapoanza.

Kuchagua sauti

Kuna kosa la kudhani kila mtu hutulizwa na mawimbi ya bahari. Mtu aliyekulia Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, hana kumbukumbu ya bahari mwilini mwake. Ana ya mvua ya kwanza ya Desemba juu ya bati, ya njuga za ng'ombe wakirudi zizini, ya ilimba, ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma, ikipigwa jioni. Hata hapo usikisie. Mvua juu ya bati ni faraja kwa mmoja. Kwa mwingine ni kumbukumbu ya nyumba iliyovuja usiku kucha na ndoo nne chini. Wimbo wa kwaya unaopendwa na wote unaweza kuwa ndio ulioimbwa kwenye msiba wa mama yake. Sikiliza kila sauti dakika tatu mchana, na uangalie mabega: yakishuka, ibakize, yakipanda au koo likikaza, ifute, hata kama ni nzuri.

Kwa muziki, pima mwendo. Weka saa, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Unatafuta mapigo 60 hadi 80 kwa dakika, bila maneno au kwa maneno machache, bila ngoma inayoingia ghafla na bila tofauti kubwa kati ya sauti ya chini na ya juu. Ilimba ya Kigogo ikipigwa taratibu inafaa sana, kwa sababu inarudia mzunguko uleule na mvumo wake hujaza nafasi ambayo mawazo yangeingia. Zeze nalo linafaa, ila lina sauti nyembamba inayoweza kuchoma. Lisogeze mbali kidogo au lifunike kwa kitambaa. Muheme si wa saa hii. Ni ngoma ya kuinua mwili, na saa tatu usiku tunataka kuushusha.

Lakini ukiwa na wasiwasi mkali, muziki wa polepole tangu dakika ya kwanza unaweza kukukera. Mwili uko juu, muziki uko chini, haviongei. Wataalamu wa tiba ya muziki huanza na mwendo unaolingana na hali ya mtu, halafu hupunguza hatua kwa hatua. Panga vipande vitatu: cha kwanza mapigo 100 hivi kwa dakika nne, cha pili 80 kwa dakika nne, cha tatu 60 kwa dakika zilizobaki. Tofauti hii ndogo ndiyo inayowaokoa wengi waliokuwa wamesema "muziki haunisaidii".

Ukitaka kurekodi mwenyewe, kwa mfano mzee anayepiga ilimba kijijini, mwombe ruhusa, mweleze ni ya nini, na umpe nakala. Laza simu juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, umbali wa mita moja, ili isidake mtikisiko wa meza. Upepo wa Dodoma huharibu rekodi yoyote ya nje. Vika simu soksi safi ya pamba au rekodi ndani, madirisha yamefungwa. Rekodi dakika 12 bila kusimama. Sikiliza yote kabla hujaondoka: jogoo, bodaboda na mashine ya kusaga huingia bila mtu kugundua.

Kikao cha dakika 20, pamoja na mafuta

Hapa sauti na dawa vinakutana, na hii ndiyo sehemu yenye faida kubwa. Hewa ya Dodoma ni kavu kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na maji ya visima vingi yana chumvi, hivyo ngozi hunyang'anywa unyevu hata bila ugonjwa. Mafuta yanahitaji muda kutulia kwenye ngozi kabla ya kuvaa nguo. Muda huo ndio wa kusikiliza.

Oga kwa maji ya uvuguvugu, yasiyotoa mvuke, kwa dakika zisizozidi kumi. Usisugue kwa dodoki wala jiwe. Jifute kwa kugandamiza taulo, usiburute. Ndani ya dakika tatu, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando au krimu uliyopewa, kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Kama una krimu ya steroidi, kipimo chake ni mstari kutoka ncha ya kidole hadi kikunjo chake cha kwanza, ambao unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka tu ilipoelekezwa, na uliza kliniki ipi itangulie kati yake na mafuta ya kawaida na zipishane muda gani.

Onyo moja zito. Mafuta ya mgando yakishaingia kwenye kanga, shuka au shati, kitambaa hicho hushika moto haraka kuliko kawaida, na kufua hakuyaondoi yote. Usifanye kikao karibu na jiko la mkaa, mshumaa, kibatari au mtu anayevuta sigara. Wakati wa kipupwe watu huingiza jiko chumbani kupata joto. Kwa aliyepaka mafuta, hilo ni hatari mara mbili.

Sasa kaa kwenye kiti chenye mgongo, au lala chali na mto chini ya magoti. Vaa nguo kuukuu ya pamba, isiyobana. Mikono iwe na kitu: tasbihi, rozari, jiwe laini la mtoni. Mikono mitupu ndiyo inayokwenda kwenye ngozi.

Andika namba mbili, kutoka 0 hadi 10: wasiwasi sasa, muwasho sasa. Kisha washa sauti.

Kwa dakika tatu za kwanza vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, midomo imefungwa, ukivumisha "mmm" ya chini. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Mvumo uusikie kifuani na kwenye mashavu, usiulazimishe kooni. Kizunguzungu kikija, maana yake unavuta nyingi mno. Rudi kwenye pumzi ya kawaida, ukianza tena vuta kidogo.

Baada ya hapo acha kuhesabu, sikiliza tu kwa dakika 12 hadi 14. Chagua kitu kimoja ndani ya sauti ukifuate, kwa mfano ule uzi mzito wa chini kabisa wa ilimba. Mawazo yatakuja. Yakija, rudi kwenye uzi huo. Kurudi mara arobaini si kushindwa. Kurudi ndiko kazi yenyewe.

Dakika mbili za mwisho zima sauti, usikilize chumba. Andika tena namba mbili. Vaa, lala.

Sauti ya mtu wa nyumbani

Maneno ya kuongoza yaliyorekodiwa na mtu unayempenda hufanya kazi ambayo ilimba haifanyi. Yawe kwa lugha ya moyoni, kama ni Kigogo, Kirangi au Kinyaturu basi iwe hiyo. Msomaji asome polepole kuliko anavyodhani inatosha, anyamaze sekunde kumi kila palipo na alama ya /, na asiigize sauti ya redio. Huu ni mfano wa binti kwa mama yake:

"Mama, shikamoo. / Kazi ya leo imekwisha. Mlango umefungwa, hakuna anayekuhitaji sasa. / Weka miguu chini, usikie sakafu. / Acha mabega yaanguke. / Ngozi yako imepata mafuta yake, iache inywe. / Ikiwasha, usiifuate. Sema nayo: nimekusikia. Halafu rudi kwenye sauti yangu. / Vuta pumzi taratibu, mama. / Itoe, ndefu, kama unapuliza uji wa mtoto. / Tena. / Mikono yako ndiyo iliyotulea. Ishike pamoja, iache ipumzike. / Nipo hapa."

Shikamoo imewekwa mwanzoni kwa makusudi. Mama ataitikia "marahaba" kwa sauti, bila kufikiri, na hapo pumzi ya kwanza ndefu imeshatoka. Pia, kwa mtu ambaye mchana watu wamesita kumshika mkono, kuanza usiku kwa heshima yake ni dawa halali. Kaka mkubwa akirekodi kwa mdogo wake, atabadilisha aanze anavyomwita nyumbani siku zote. Maneno ya kuepuka: "usijali", "utapona tu", "wapo walio na hali mbaya zaidi". Yanafunga mlango.

Kuimba na kupiga mwenyewe

Kuimba kwa pamoja, kwaya au ngoma, hurefusha pumzi na kumtoa mtu kwenye upweke, na wanaoweza wahimizwe. Lakini ala zina masharti kwa ngozi hii. Ilimba hupigwa kwa vidole gumba juu ya vijiti vya chuma. Mwenye soriasisi ya kucha, yaani kucha zenye vishimo kama vimedungwa sindano au zinazobanduka kutoka kwenye nyama, ataziharibu zaidi. Kata kucha, piga kwa nyama ya kidole kilichozungushiwa plasta ya kitambaa, dakika tano tu. Ngoma ya muheme hubanwa mapajani na kupigwa kwa viganja: msuguano juu, msuguano chini. Mwenye mabaka mapajani au nyufa viganjani ashike kayamba badala yake. Njuga zisifungwe juu ya ngozi tupu ya mguu. Zifungwe juu ya soksi nene na zifunguliwe ngoma inapokwisha.

Viungo vya vidole vikiwa vimevimba, au asubuhi vinakaza zaidi ya nusu saa, acha ala zote kwanza. Huenda ni baridi yabisi ya soriasisi, na hiyo huharibu viungo moja kwa moja isipotibiwa mapema.

Dozi ya dakika tatu

Kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki, ndani ya daladala ya kwenda Mtumba ambapo jirani anatazama mkono wako. Huwezi kulala chali pale. Tumia mvumo wa chini kabisa, unaousikia wewe tu, pumzi nne kwa sita, mara 18. Kelele ya injini inauficha. Anayefanya kikao cha jioni kila siku ataona dozi hii inashika haraka kwa sababu mwili umeshaijua njia. Anayeitegemea peke yake kwa kawaida huiona dhaifu.

Yanayokwama

Muwasho unaongezeka dakika tano za kwanza. Hili huwakatisha tamaa wengi, na ni la kawaida: mwili ukitulia, ngozi inasikika zaidi. Kabla ya kupaka mafuta, weka kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa juu ya baka kwa dakika tano. Wakati wa kusikiliza, ikizidi, gandamiza kwa kiganja juu ya nguo kwa dakika moja bila kusugua.

Kulia. Kwa wengine machozi hutoka kikao cha pili au cha tatu. Yaache, mradi baada ya sauti kuisha unajisikia mwepesi. Ukibaki mzito hadi kesho yake, badilisha sauti, na kama bado, ongea na mtu.

Usingizi ni mzuri, ila usilale na hedifoni masikioni, wala usisikilize ukiwa juani. Wapo wanaoota jua kwa ajili ya ngozi zao. Jua la Dodoma la saa sita likimkuta mtu amesinzia humuunguza, na ngozi iliyoungua ni jeraha kama mengine, huota mabaka. Jua na sauti visikutane.

Kutoona mabadiliko kwa wiki mbili. Kwanza angalia kama vikao vilifanyika kweli: siku tano kwa wiki, saa ileile. Pili, angalia pombe na sigara. Zote mbili huzidisha soriasisi, na pombe ya jioni hupandisha wasiwasi wa alfajiri. Tatu, badilisha sauti, usibadilishe saa.

Daftari

Daftari la mistari la shule linatosha. Chora safu sita: tarehe, sauti uliyotumia, wasiwasi kabla, wasiwasi baada, muwasho kabla na baada, na ya mwisho, "niliamka nimejikuna?" ndiyo au hapana. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wasiwasi ukishuka kwa pointi mbili au zaidi katika vikao vingi, na usiku wa "ndiyo" ukipungua ndani ya wiki nne, sauti hiyo ni yako. Endelea hadi wiki ya nane kisha unaweza kupunguza hadi siku tatu kwa wiki. Ngozi itachelewa kuliko moyo, kwa hiyo usiihesabu kabla ya wiki ya nane, na uihesabu pamoja na dawa.

Nenda hospitali bila kusubiri wiki yoyote endapo ngozi ya karibu mwili mzima inakuwa nyekundu na ya moto, vipele vya usaha vinatokea pamoja na homa, au unatetemeka kwa baridi bila sababu. Nenda siku hiyohiyo pia endapo wazo la kujidhuru limepita kichwani, na usiende peke yako, mwambie ndugu mmoja kwa maneno ya wazi, "Nisindikize." Na kama wasiwasi umekuzuia kazi, chakula au usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, beba daftari hilo kliniki. Daktari akiona kurasa mbili za namba, hamtaanza na swali la "unajisikiaje". Mtaanza na usiku ule ambao wasiwasi ulibaki tisa na shuka likaamka na damu.